Namba Haziogopeshi: Namna Fasihi Inavyosimulia Unyama wa Vita

Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme kaskazini mwa Ufaransa, jeshi la Uingereza lilipata hasara ya askari 57,470: waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Waliokufa peke yao walikuwa 19,240. Huenda umeisoma sentensi hiyo, ukashtuka kidogo, kisha macho yakaendelea na safari yake. Hukusikia kichefuchefu wala hukulazimika kusitisha kusoma. Hilo si kosa lako. Akili ya binadamu haina mahali pa kulaza maiti elfu kumi na tisa kwa mpigo mmoja.

Kazi ya fasihi ya vita inaanzia hapo. Mwanahistoria hutupa idadi, ramani na majina ya majenerali, na tunamhitaji. Mtunzi wa riwaya au shairi ana mzigo mwingine: amfanye mtu aliyeketi salama ahisi kitu ambacho hata waliokipitia mara nyingi walishindwa kukisema. Mwanafalsafa wa Kijerumani Walter Benjamin, katika insha yake ya mwaka 1936 kuhusu usimulizi, alikumbusha kwamba wanaume waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia walirudi kimya. Waliona mengi, wakawa na machache ya kusimulia.

Wengi hudhani dawa ni kuongeza damu. Mwandishi amwage utumbo na mifupa mpaka msomaji atetemeke. Lakini damu ikizidi hufanya kazi ileile ya namba: ukifika ukurasa wa tatu wa matumbo yaliyopasuka umeshazoea, na kuzoea ndiko hasa mwandishi alikokuwa anakukimbia. Waliofaulu wamepita pembeni. Ukiwasoma kwa makini utaona kwamba kila mbinu yao ni jibu kwa kizuizi fulani kinachosimama kati ya msomaji na uwanja wa vita.

Mmoja badala ya elfu

Jibu kongwe kwa kizuizi cha wingi limo katika Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer. Katika kitabu chake cha nne, kijana wa Troy aitwaye Simoeisios anakutana na mkuki wa Ajax. Kabla hajaanguka, Homer anasimamisha mapigano ili atuambie kwamba mama yake alimzaa ukingoni mwa mto Simoeis, akiwa safarini na wazazi wake kwenda kutazama mifugo, na ndiyo maana akapewa jina la mto ule. Anatuambia pia kwamba kijana huyu hakuwahi kuwalipa wazazi wake fadhila ya malezi. Kisha mkuki unaingia kifuani, karibu na titi la kulia, na kutokea begani. Tumemjua kwa mistari michache tu, na tayari tumefiwa. Homer anarudia jambo hili tena na tena, kwa Wagiriki na kwa watu wa Troy bila upendeleo: jina, baba, nyumbani, jeraha. Jeraha linauma kwa sababu linakuja la mwisho.

Erich Maria Remarque, aliyepigana upande wa Ujerumani na kuchapisha riwaya yake kuhusu vita hivyo mwaka 1929, aliipeleka mbinu hii mbali zaidi. Paul Bäumer, msimulizi wake, amejificha katika shimo lililochimbwa na kombora. Askari wa Kifaransa anaangukia humo. Bäumer anamchoma kisu bila kufikiri, kisha anakwama naye saa nyingi huku mtu yule akikata roho polepole. Anampa maji, anajaribu kumfunga majeraha. Akishakufa, Bäumer anafungua pochi yake na kukuta picha za mke na mtoto. Jina lake ni Gérard Duval, kazi yake mchapaji. Bäumer anaapa mambo makubwa mbele ya maiti ile.

Hadi hapo mwandishi wa kawaida angetosheka, kwa kuwa somo la utu limekamilika. Remarque anaongeza kurasa chache tu. Bäumer anarudi kwa wenzake, wanamwonyesha mdunguzi anayehesabu watu aliowaangusha, na viapo vyote vinayeyuka. Anajiambia kwamba alisema yale kwa sababu tu alilala na maiti muda mrefu. Kwangu mimi hapo ndipo mahali pa kutisha kuliko pote katika kitabu kile, na hapana hata tone la damu.

Kitabu hichohicho kina buti. Ni za ngozi laini, na mwenyewe, Kemmerich, anakufa hospitalini baada ya kukatwa mguu. Müller anazitamani mapema, mwenzake akiwa bado anapumua, si kwa ukatili bali kwa sababu buti nzuri ni adimu na mgonjwa hazihitaji tena. Müller naye anakufa, zinamwendea Bäumer. Kifaa kinaishi kuliko watu wanaokivaa, na msomaji anajikuta anafuatilia buti ili ajue nani anafuata. Hakuna sentensi inayotuambia kwamba vita hugeuza watu kuwa vitu vya kupita. Buti zinatosha.

Wilfred Owen, luteni Mwingereza aliyeuawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya silaha kunyamaza, alifanya hivyo kwa kusimulia shambulio la gesi ya sumu. Katika shairi lake linalojulikana zaidi, askari waliochoka wanajikokota kama vikongwe. Gesi inawafikia, kila mtu anahangaika na kinyago chake, mmoja tu anachelewa. Msimulizi anamwona kupitia vioo vya kinyago chake mwenyewe, katika mwanga wa kijani, kama mtu anayezama baharini. Angalia ujanja wa vile vioo. Msimulizi yu salama nyuma yake, anaona kila kitu na hawezi kufanya lolote. Msomaji naye amewekwa palepale.

Kutoka kilimani hadi matopeni

Kizuizi cha pili ni ramani. Tumezoea kuona vita kutoka juu: mishale myekundu, mishale ya buluu, kikosi hiki kimezunguka kushoto. Aliye ndani haoni mishale. Haoni karibu chochote.

Stendhal, aliyefuatana na jeshi la Napoleon hadi Urusi mwaka 1812, alikuwa wa kwanza kulisimulia hili kwa ukamilifu. Katika riwaya yake ya mwaka 1839, kijana wa Kiitalia Fabrice anafika Waterloo akitamani utukufu. Anaona udongo wa shamba ukiruka hewani vipande vidogo vyeusi, na inamchukua muda kuelewa kwamba ni mizinga inalima ardhi kando yake. Anauliza kama yale ndiyo mapigano ya kweli. Anaibiwa farasi na askari wa upande wake mwenyewe. Baadaye bado hana hakika kama alikuwa vitani au la.

Tolstoy, aliyekuwa ofisa wa mizinga wakati wa kuzingirwa kwa Sevastopol, alikiri wazi kwamba alijifunza kwa Stendhal. Katika Vita na Amani anampeleka Pierre, raia mnene mwenye miwani, kofia nyeupe na koti la kijani, katikati ya mapigano ya Borodino. Askari wa kituo kimoja cha mizinga wanamcheka, kisha wanamzoea, wanakuwa kama familia. Saa chache baadaye wengi wao ni maiti. Tolstoy angeweza kutupa macho ya Napoleon au ya Kutuzov, jemadari wa Warusi, na mara nyingine hutupa, lakini kwa kitovu cha unyama alichagua macho ya mtu asiyejua bunduki inashikwaje. Asiyejua huona. Mwanajeshi mzoefu angetuambia jina la kombora. Pierre anatuambia kwamba kaofisa kadogo kaliketi chini ghafla na kujikunja.

Ken Saro-Wiwa alichukua njia hiyo katika Sozaboy, riwaya ya mwaka 1985 kuhusu vita vya Biafra, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Nigeria vya 1967 hadi 1970. Mene anajiunga na jeshi kwa sababu ya sare na kwa kumfurahisha mkewe mpya. Anasimulia kwa Kiingereza kilichovunjika makusudi, na mpaka mwisho haelewi nani anampiga nani, wala kwa nini. Ahmadou Kourouma naye mwaka 2000 alimpa mtoto, Birahima, kazi ya kusimulia vita vya Liberia na Sierra Leone. Birahima anataja mauaji kwa sauti ya mtoto anayesimulia mchezo. Hatetemeki, kwa hiyo inabidi msomaji atetemeke badala yake.

Mdundo wa ngoma na mdundo uliopasuka

Hapa inafaa kugusa tenzi, maana msomaji wa Kiswahili amekutana na vita kwanza humo. Chuo cha Herekali cha Bwana Mwengo, kilichotungwa Pate mwaka 1728, na Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert kuhusu vita vya 1939 hadi 1945, vimefuata arudhi ileile: vipande vinne, mizani nane kila kipande, na kina cha mwisho kinachorudi ubeti baada ya ubeti. Ni bahari iliyoumbwa kwa masimulizi marefu, na haichoki. Ubora huo una gharama. Mdundo usioteleza unafaa kusimulia msafara, kiongozi, mji uliotekwa. Unapata taabu kumwonyesha mtu ambaye masikio yake yamezibwa na mlipuko na hajui mguu wake uko wapi. (Wapenzi wa tenzi watanigombeza, na wana haki yao.)

Owen alikutana na shida hiyohiyo katika ushairi wa Kiingereza, akaitatua kwa sikio. Katika baadhi ya mashairi yake alitumia vina vinavyokaribiana bila kulingana: konsonanti zilezile, irabu tofauti. Sikio linangoja kina kitue, hakitui. Msomaji asiyejua lolote kuhusu arudhi anahisi tu kwamba kuna kitu hakikai sawa, na hisia hiyo ndiyo mtunzi aliyoitaka.

Maneno ya wakubwa

Vita huja na lugha yake: utukufu, kafara, kujitoa mhanga, damu ya mashujaa. Ni lugha inayofunika maiti kabla hazijazikwa. Msimulizi wa Hemingway, katika riwaya ya mwaka 1929 kuhusu medani ya Italia, anasema maneno ya aina hiyo yalimtia aibu kila alipoyasikia, na kwamba kilichobaki na heshima ni majina ya mahali, namba za barabara, namba za vikosi na tarehe. Ndiyo sababu nathari nyingi ya vita baada ya hapo ni kavu. Ukavu ule ni msimamo: mwandishi anakataa kukopa maneno kwa wale waliotuma vijana wakafe.

Wengine huyaacha maneno rasmi yajiumbue. Riwaya ya Remarque yote iko katika nafsi ya kwanza, mimi na sisi, mpaka aya ya mwisho. Hapo sauti nyingine inaingia ghafla na kutuarifu kwamba Bäumer aliuawa Oktoba 1918, siku tulivu kiasi kwamba taarifa ya jeshi ilisema tu hakuna jipya upande wa magharibi. Badiliko la nafsi ndilo kifo. Tumeishi ndani ya kichwa cha kijana huyu kitabu kizima. Sasa anatajwa kwa mbali, na taarifa ya makao makuu haimtaji kabisa.

Joseph Heller, aliyekuwa mrusha mabomu wa ndege za Marekani huko Italia, alichagua kejeli. Katika Catch-22, ya mwaka 1961, Yossarian anafungua sanduku la huduma ya kwanza akitafuta mofini ya kumpa mwenzake anayekufa. Mofini haipo. Mfanyabiashara wa kikosi ameichukua na kuacha karatasi inayosema kwamba kinachoifaa kampuni yake kinaifaa nchi.

Saa isiyokwenda mbele

Anayekufa katika tukio hilo ni Snowden, na namna Heller anavyomsimulia inastahili tukae nayo. Tukio linatajwa mapema katika kitabu, kwa kupita. Linarudi baadaye na kipande kingine kimeongezeka. Linarudi tena. Tunajua kwamba Snowden alikuwa akilalamika baridi, na kwamba Yossarian alimbembeleza. Tunajua pia kwamba baada ya siku ile Yossarian alikataa kuvaa nguo. Hatujui aliona nini. Karibu na mwisho wa kitabu ndipo mlango unafunguliwa wote: Yossarian alikuwa amefunga vizuri jeraha kubwa la pajani, akajivunia kazi yake, ndipo akaona doa likitoka kwapani, chini ya fulana ya kujikinga. Alipoifungua, tumbo lote likamwagika.

Aya ile moja ya damu ina nguvu kwa sababu tumeizunguka kwa mamia ya kurasa. Vilevile Heller ameiga jinsi kumbukumbu ya mtu aliyeumizwa inavyofanya kazi. Haiji kwa mpangilio. Inakaribia, inakimbia, inarudi usiku ikiwa na kipande kipya. Wanafunzi hufundishwa kuita hii mbinu rejeshi, na jina hilo ni la upole mno: mbinu rejeshi humrudisha msomaji nyuma kisha ikamleta sasa, ilhali mhusika huyu hana sasa ya kurudi.

Bao Ninh wa Vietnam alijenga riwaya nzima juu ya wazo hilo. Yeye ni mmoja wa watu kumi waliosalia katika kikosi cha vijana 500 kilichokwenda vitani mwaka 1969. Mhusika wake Kien anakusanya mifupa ya wenzake msituni baada ya vita, kisha anajaribu kuandika, na karatasi zake zinachanganyika zisijulikane ipi ya kwanza. Anayezikuta anazipanga anavyoweza. Vita vimekwisha katika kalenda tu.

Kurt Vonnegut alikuwa mateka wa Wajerumani mjini Dresden mji huo ulipochomwa kwa mabomu Februari 1945, akanusurika ndani ya machinjio. Ilimchukua zaidi ya miaka ishirini kukitoa kitabu chake, mwaka 1969, na shujaa wake anarukaruka katika wakati bila hiari: mara ni mzee, mara ni mateka, mara yuko sayari nyingine. Kila kifo, kiwe cha mtu, cha chawa au cha shampeni iliyokata gesi, kinafuatwa na msemo uleule mfupi wa kukubali yaishe, zaidi ya mara mia. Mwanzoni unachekesha. Baadaye unaudhi. Kisha unaanza kuuogopa kabla haujafika.

Kuna jambo la kando kuhusu kitabu hicho. Vonnegut alitumia idadi ya vifo 135,000, iliyokuwa ikitajwa wakati ule. Tume ya wanahistoria iliyoundwa na mji wa Dresden ilihitimisha mwaka 2010 kwamba waliokufa hawakuzidi 25,000. Kwa historia, kosa hilo ni kubwa na lazima lisahihishwe. Kwa riwaya, halikupunguza chochote, kwa kuwa hofu yake haikuwahi kukaa katika namba. Imekaa kwa mwalimu mzee anayepigwa risasi kwa kuokota buli katika magofu ya mji ule.

Nywele za mtoto, na aliye mbali na mstari wa mbele

Wapiganapo tembo nyasi huumia, na kwa karne nyingi nyasi hazikuandikiwa. Chimamanda Ngozi Adichie, katika riwaya yake ya mwaka 2006 kuhusu Biafra, anamweka Olanna ndani ya treni iliyojaa watu wanaokimbia mauaji kaskazini mwa Nigeria. Mwanamke mmoja amebeba kibuyu. Anakifunua, ndani kuna kichwa cha binti yake. Mwandishi mwingine angekomea kwenye kichwa. Adichie anaenda kwenye nywele: zimesukwa, na mama anasema ilimchukua muda mrefu kuzisuka, zilikuwa nzito. Mkono wa mama ulioketi na mwanawe asubuhi fulani ya kawaida umeingia ghafla katika treni ile, na asubuhi hiyo ndiyo inayotuvunja.

Adichie alizaliwa 1977, miaka saba baada ya vita kwisha. Je, ana haki? Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na waandishi wengi waliopigana wameishika kauli hiyo kama hati miliki. Lakini Stephen Crane aliandika mwaka 1895 riwaya ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ambayo maaskari wazee waliisifu, ilhali alizaliwa miaka sita baada ya vita hivyo na hakuwa ameona mapigano yoyote. Kwa upande mwingine Ernst Jünger, askari wa Kijerumani wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alijeruhiwa mara 14, akaandika kitabu chenye maiti kila kona, na ukikimaliza unahisi kwamba mwandishi aliupenda ule moto. Kuwepo hakumlazimishi mtu kuchukia alichokiona. Maelezo ya jeraha hayabebi hukumu yake yenyewe; hukumu iko katika mpangilio, katika kinachowekwa kando ya jeraha.

Svetlana Alexievich, mwandishi wa Belarus, hakubuni mpangilio, aliukusanya. Alisikiliza wanawake wa Kisovieti waliopigana Vita vya Pili vya Dunia, ambao idadi yao ilikaribia milioni moja, na akagundua kwamba hawakusimulia vita walivyofundishwa shuleni. Walisimulia nywele zilizokatwa, chupi za kiume walizopewa, buti kubwa kupita miguu. Mmoja alisimulia mama mwenye mtoto mchanga katika kundi la wapiganaji lililojificha kinamasini, mbwa wa Wajerumani wakiwa karibu, mtoto analia kwa njaa, na mama akamzamisha majini mwenyewe ili wengine wapone.

Muswada ulikuwa tayari mwaka 1983 na ukakaa miaka miwili bila kuchapishwa. Mkaguzi wa serikali alimuuliza nani atakubali kwenda kupigana baada ya kusoma vitabu kama hivi. Kitabu kilitoka 1985 kikiwa kimenyofolewa. Miaka ya baadaye Alexievich alivirudisha vipande alivyokatwa, na akachapisha pamoja navyo mazungumzo yake na mkaguzi yule.